Sauti ya Kijana Mwasi: Nani Husimulia Matokeo ya Uasi katika Ushairi?

Utangulizi

Methali zetu zimekwisha kumhukumu kijana mkaidi kabla mshairi hajashika kalamu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Katika methali hizi zote mna pande mbili, upande wa anayejua na upande wa anayeumia, lakini msemaji ni mmoja tu. Aliyevunjika guu hatumsikii akisema lolote, hata kuugua. Kuumia kwake kunasimuliwa na mwingine, na kunasimuliwa ili wengine wasikie.

Makala haya yanachunguza namna ushairi unavyousawiri uasi wa vijana balehe na matokeo yake, kwa kuuliza swali moja ambalo kwa maoni yetu halijapewa uzito unaostahili: ni nani anayeyasimulia matokeo hayo? Uhakiki wetu umezoea kuuliza shairi linafunza nini. Swali hilo ni halali, ila lina hatari ya kutufanya tuyapokee mafunzo bila kumtazama mfunzaji wala mfunzwa. Hoja tutakayoitetea ni kwamba mshairi anapompokonya kijana mwasi nafasi ya kusema, hupoteza pia nafasi ya kuonyesha chanzo cha uasi wenyewe, na onyo lake, badala ya kupata nguvu, hupungua makali. Tutaanza na tenzi mbili mashuhuri za pwani ya kaskazini ya Kenya, kisha tuzilinganishe na shairi fupi la Marekani lililoichukua njia iliyo kinyume, na mwishowe turudi nyumbani kuuliza kama mapokeo yetu hayana nyenzo ya kuifuata njia hiyo.

Ni vyema kutanguliza jambo moja kuhusu istilahi. Katika Kiswahili kitenzi kuasi kinatumika kwa anayemwasi Mwenyezi Mungu, anayemwasi mfalme na anayewaasi wazazi wake. Lugha yenyewe imeviweka vyeo hivi vitatu katika mstari mmoja. Hata hivyo, kama tutakavyoona, washairi hawakuwapima waasi wote kwa kipimo kimoja. Yuko mwasi anayetungiwa sifa, na yuko anayetungiwa wasia.

Wasia: mzazi asemaye peke yake

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ndio kielelezo kikuu cha ushairi wa wasia katika Kiswahili. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa alipoutunga, akamwachia bintiye Mwana Hashima kile ambacho mama anayeondoka huona hakina budi kusemwa. Anamtaka asogee, alete wino na karatasi, asikilize. Anamfunza wajibu wa dini, adabu mbele za watu, utunzaji wa nyumba na wa mume. Anamwekea radhi tano ambazo mwanadamu hafaulu bila kuzipata: ya Mola, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Matokeo ya kuasi yametajwa waziwazi, nayo hayaishii duniani; siku ya kiyama, hatima ya mke imefungamanishwa na radhi ya mumewe.

Binti mwenyewe hasemi neno. Tunajua kwamba yupo kwa sababu anaitwa, anaamriwa na kuombewa dua. Hatujui kama aliafiki au alinung'unika moyoni, wala kama tayari alikuwa amefanya lililomtia mama hofu. Ukimya huu haukutokana na uzembe wa mtunzi. Ni kanuni ya utanzu: wasia ni tamko la anayekwenda kwa anayebaki, na halingoji jibu. Umbo la utendi nalo linausaidia utanzu. Vipande vitatu vya kwanza vya kila ubeti hulingana vina, lakini kipande cha nne hurejea kwenye kina kilekile kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kila wazo jipya hufungwa na sauti ileile, kama mzazi ambaye, hata mazungumzo yazunguke wapi, ndiye mwenye neno la mwisho.

Yapo mambo mawili ndani ya utendi huu ambayo hutatiza usomaji mwepesi. La kwanza ni ubeti mashuhuri ambamo mama anamwambia bintiye amtunze mumewe kama mtoto mdogo asiyejua bado kusema. Neno alilolitumia kwa mtoto huyo ni kijana, kwa maana yake ya kale. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alitukumbusha kwamba utendi huu unaweza kusomwa kwa kuzingatia kinaya chake, kwamba huenda binti anafunzwa njia za kutawala chini ya pazia la kutii. Ikiwa ndivyo, basi kuna ujumbe wa siri kati ya mama na binti ambao mume hausikii. Kwa makala haya jambo la kuzingatia ni jingine: hata katika sitiari ya pembeni, kijana ni yule asiyeweza kunena, na atunzwaye kwa sababu hiyo.

La pili liko nje ya utendi, katika historia. Mume wa Mwana Kupona, Bwana Mataka wa Siyu, alisifika kwa kuupinga kwa miaka mingi utawala wa Sultani wa Zanzibar. Binti anayefunzwa utiifu, basi, ni mtoto wa mwasi. Uasi wa baba uliitwa ushujaa, na jina lake limehifadhiwa na wanahistoria wa pwani. Uasi wa binti, kama ungetokea, ulikuwa umekwisha kuandaliwa jina jingine. Hatusemi kwamba Mwana Kupona aliuona mgongano huu. Tunasema kwamba msomaji wa leo hana ruhusa ya kutouona.

Mapokeo haya hayakukoma na karne ya kumi na tisa. Shaaban Robert aliyaendeleza kwa Utenzi wa Hati aliomtungia bintiye na Utenzi wa Adili aliomtungia mwanawe wa kiume. Mazingira yamebadilika na mtunzi ni baba, lakini mpangilio wa sauti ni uleule. Mzazi ananena na mtoto ananenewa.

Tusiudharau ukimya huu. Mzazi anayeandika wasia huandika kwa sababu anajua hatakuwepo siku ya mtihani. Mwana Kupona hakuwa na muda wa kungoja majibu. Mapenzi yake yako katika haraka ile. Lakini mhakiki hana budi kutenganisha thamani ya pendo na uwezo wa umbo. Wasia unaweza kumwambia kijana ajihadhari na shimo. Hauwezi kumweleza kwa nini wenziwe walilijua shimo na bado wakalirukia.

Mwana wa Liyongo: uasi wa kukopeshwa

Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, tunakutana na kijana ambaye haonywi tu, bali anatenda. Liyongo ni shujaa aliyemtia Sultani wa Pate hofu, naye Sultani, baada ya kushindwa kumuua kwa hila nyingine, anamgeukia mwana wa Liyongo. Anamwahidi binti yake wa kumwoa. Kijana anakwenda kwa babake na kumwuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anahisi njama, na bado anamwambia: ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana anamvizia akiwa usingizini na kumchoma. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na upinde wake mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Kijana naye hapati alichoahidiwa. Anakataliwa na aliyemtuma, anakataliwa na jamaa zake, na anakufa.

Usomaji uliozoeleka darasani huishia hapo: msaliti hulipwa usaliti, majuto ni mjukuu. Usomaji huo si wa uongo, ila haujafika mwisho wa habari. Hebu tuangalie ulimi wa kijana huyu. Tofauti na Mwana Hashima, yeye anasema. Anamwuliza baba, anamjibu Sultani. Lakini maneno yake yote ni ya kukopeshwa. Swali analomwuliza baba ni la Sultani. Tamaa inayomsukuma imewashwa na Sultani. Kijana huyu ni mdomo uliokodishwa. Mahali pekee ambapo angeweza kutumia sauti yake mwenyewe, yaani baada ya tendo, pale ambapo anamwona babake kisimani na ahadi zinageuka moshi, msimulizi anachukua nafasi na kutueleza alivyokwisha.

Hata hivyo, utenzi huu unatupa kitu ambacho wasia hauwezi kutupa: chanzo. Unatuonyesha kwamba uasi wa kijana dhidi ya baba ulipandwa na mtu mzima mwenye mamlaka aliyejua udhaifu wa umri ule, yaani hamu ya kuoa, kupata cheo na kuitwa mtu. Unatuonyesha pia baba aliyetambua hatari akaamua kuijibu kwa siri yake kuu. Je, baba alishindwa na mapenzi, au alichoka kuishi akiwindwa hata na damu yake? Utenzi hauamui, na katika kutoamua huko ndimo ulimo ukuu wake. Tukiufundisha kama hadithi ya mtoto mbaya tunamwachilia Sultani huru. Matokeo ya uasi yanampata kijana na baba. Aliyeupanga anabaki kwenye kiti chake.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Liyongo mwenyewe ni mwasi. Ushairi unamsifu kwa kutotii, kwa kuvunja kifungo, kwa kumchezea mtawala shere. Mwanawe aliishi kwenye kivuli cha uasi uliokwisha kutukuzwa. Alipofika zamu yake, uasi uliobaki kwa kijana wa umri wake ulikuwa mmoja tu, wa kumwelekea mwasi mkuu.

Vijana saba wa Chicago

Tukitaka kuona nini hutokea mshairi anapomwachia kijana mwasi asimulie anguko lake mwenyewe, tunaweza kujifunza kutoka kwa Gwendolyn Brooks (1917-2000), mshairi Mmarekani mweusi aliyekulia Chicago, na ambaye mwaka 1950 alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Brooks si mgeni kabisa huku kwetu. Alizuru Afrika Mashariki mwaka 1971, na akaandika juu ya safari hiyo. Shairi lake "We Real Cool" lilichapishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika diwani yake ya 1960. Lina mishororo minane na maneno ishirini na manne tu, na karibu kila neno ni la silabi moja.

Wasemaji ni vijana saba walio katika ukumbi wa kuchezea biliadi. Wanajitangaza kuwa ni wajanja, kwamba wameacha shule, kwamba huzurura usiku, hupiga bila kukosea, husifu dhambi, hunywa pombe kali, hujistarehesha. Kauli ya mwisho, isiyo ndefu kuliko nyingine, ni kwamba watakufa mapema. Hakuna mzazi wala mwalimu, na hakuna anayewaambia kwamba walionywa. Brooks alieleza kwamba shairi lilitokana na kupita karibu na ukumbi kama huo katika mtaa wake saa za masomo. Badala ya kujiuliza kwa nini wavulana wale hawako shuleni, alijiuliza wanajionaje. Huko kubadilisha swali ndiko kulikolizaa shairi lote.

Mtaalamu wa fasihi simulizi atalitambua umbo hili mara moja. Ni majigambo. Kijana anasimama mbele ya hadhira, anajitaja, anaorodhesha matendo yake. Tofauti ni kwamba majigambo ya shujaa hukua kuelekea ushindi, na haya yanateremka kuelekea kaburini bila kubadilisha lahani. Yanaanza kama majigambo na kuisha kama mbolezi. Msikilizaji hana hakika kama kauli ya mwisho ni majivuno ya asiyeogopa kufa au ni ungamo la anayeogopa sana. Aidha, jina la ukumbi lililotajwa chini ya kichwa, Golden Shovel, yaani Sepetu ya Dhahabu, limekwisha kuweka pamoja mng'aro wa ujana na chombo cha kuchimbia kaburi. Hapo ndipo sauti ya mtu mzima inapojitokeza: katika kuwahesabu kwamba ni saba na kutaja walipo. Baada ya hapo mshairi ananyamaza.

Mtu anaweza kupinga kwamba hakuna kijana anayejitangazia kifo hivyo, na kwamba Brooks, kama msimulizi wa Liyongo, amewawekea vijana maneno kinywani. Pingamizi hili lina uzito. Kila nafsineni ni zao la mshairi. Lakini kuna tofauti kati ya kumpa kijana maneno ya kumhukumia na kumpa maneno ambayo hukumu na ujasiri vimeshikana ndani yake hata msomaji ashindwe kuvitenganisha. Onyo la Brooks ni kali kama la methali zetu. Ukali wake unatokana na kwamba anayelitamka ndiye litakayempata.

Tatizo la tafsiri

Jambo linalolifanya shairi hili liwe la manufaa ya pekee kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni ugumu wa kulitafsiri. Brooks ameliweka neno lenye maana ya "sisi" mwishoni mwa kila mshororo isipokuwa wa mwisho. Mishororo saba inaisha kwa "sisi", na vijana ni saba. Neno hilo linaning'inia ukingoni, limetengwa na kitenzi chake kilicho katika mshororo unaofuata, na Brooks alitaka lisomwe kwa sauti ya chini, kama la watu wasio na hakika ya kuwepo kwao. Kisha kifo kinatajwa, na baada yake "sisi" haipo tena. Matokeo ya uasi hayakuelezwa tu. Yametendeka katika sarufi ya shairi.

Mfasiri wa Kiswahili ana njia mbili, na zote zinamkwaza. Akitumia kiambishi tu-, kiambishi hicho hakitengani na shina la kitenzi. Hata akikikata kwa kistariki na kukiacha ukingoni, msomaji atakiona kama ajali ya upigaji chapa. Akitumia kiwakilishi sisi, anapata neno linaloweza kusimama peke yake, ila katika Kiswahili kiwakilishi huru kikitumika pamoja na kitenzi chenye kiambishi cha nafsi huleta msisitizo: sisi, wala si wengine. Sauti ya chini aliyoitaka Brooks inageuka kelele. Tena katika mshororo wa mwisho, hata sisi ikiondolewa, tu- itabaki ndani ya kitenzi. Katika Kiswahili mtu hawezi kufa bila nafsi yake kubaki ndani ya tendo la kufa. Nafsi ile ambayo Kiingereza kiliweza kuifuta, lugha yetu inakataa kuifuta.

Wengine wataona hili kuwa ni upungufu. Sisi tunaliona kuwa ni ufunuo. Lugha ambayo haiwezi kutenganisha mtendaji na tendo ina uwezo wake wa kusimulia anguko: mwasi wa Kiswahili hatafutika, atabaki ndani ya kitenzi hadi mwisho, akihusika na kuwajibika. Mshairi wetu atakayewaachia vijana waseme hatakuwa na haja ya kumwiga Brooks. Atatafuta umbo lake ndani ya lugha yake.

Malumbano: nyenzo iliyoko nyumbani

Inaweza kudhaniwa kutokana na tuliyoyasema kwamba lawama ni ya arudhi, na kwamba kijana atapata sauti vina na mizani vikitupwa. Mgogoro wa wanajadi na wanamapinduzi, uliopamba moto baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, umetuzoesha kufikiri hivyo. Hatukubali. Ushairi huru nao unaweza kuwa wasia usio na vina, mtu mzima akihubiri kwa mishororo isiyolingana.

Mapokeo yenyewe yanayo malumbano, ambamo nafsineni mbili hupeana zamu na kila moja hupewa heshima ya umbo lilelile. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973), Abdilatif Abdalla anawaweka ndugu wawili wakiugombea mnazi, na arudhi haimpendelei yeyote. Si bure kwamba shairi hilo lilitungwa na mtu aliyefungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka alioueneza akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Aliyenyamazishwa alijua thamani ya kumpa kila upande zamu yake. Mbinu hiyo imetumika kujadili siasa, mali na mapenzi. Mzazi na kijana wake wamepewa kwa nadra mno nafasi ya kulumbana kwa usawa wa beti. Ni vigumu kuamini kwamba sababu ni ya kisanaa. Malumbano hudai kwamba kila upande uwe na hoja, na jamii yetu imeona taabu kukiri kwamba kijana mwasi anaweza kuwa nayo, hata pale ambapo amekosea.

Hitimisho

Tumeona namna tatu za kuusawiri uasi wa kijana. Katika wasia, matokeo yanatangazwa na mzazi kabla ya tendo, na kijana hana kauli. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, kijana ana kauli ya kukopeshwa, na matokeo yanasimuliwa na mwingine, lakini chanzo kinafichuliwa kwa anayetaka kukiona. Katika shairi la Brooks, vijana wanayatamka matokeo wenyewe, na onyo linapata makali ambayo mhubiri hayapati.

Suala hili si la wanazuoni peke yao. Mashairi haya huwekwa mbele ya wasomaji wa umri uleule unaozungumziwa. Tangu mkasa wa moto katika shule ya Kyanguli mnamo Machi 2001, ulioua wavulana 67, nchi yetu imekwisha kuona mabweni mengi yakiungua, na kila mara tumewasikia watu wazima wakieleza kwa nini. Mwanafunzi anayesoma ushairi ambamo kijana hutajwa ili aonywe tu hujifunza, pamoja na maadili, kwamba neno lake halihitajiki. Hilo nalo ni funzo, na lina matokeo yake.

Hatupendekezi Mwana Kupona aondolewe kwenye silabasi. Tunapendekeza asomwe pamoja na swali ambalo hakuwa na muda wa kulingojea jibu: Mwana Hashima angesema nini? Tunapendekeza mwana wa Liyongo asomwe pamoja na Sultani aliyemtuma. Na kwa wanafunzi wetu watunzi tunapendekeza jambo jepesi kulitaja na gumu kulitenda: watunge malumbano ya mzazi na kijana mwasi, na katika ubeti wa kijana watafute hoja ambayo wao wenyewe hawataweza kuijibu kwa urahisi.